Kelele za kipakatalishi kikuukuu: Jinsi ya kutambua chanzo chake

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kipakatalishi kilichokula chumvi nyingi, mawingu yenyewe ni sauti: mvumo usiokoma, mkwaruzo, au mgongo wa "ta, ta, ta" ambao haukuwapo kilipokuwa kipya.

Aghalabu wenye vyombo hivyo hufuata mojawapo ya njia mbili. Kuna wanaozipuuza sauti hizo hadi chombo kizime kabisa, na kuna wanaokikimbiza kwa fundi wa kwanza wampataye, naye akafuta kila kilichomo na kupakia Windows upya. Njia zote mbili zaweza kumgharimu mwanafunzi tasnifu ya miaka miwili, au mfanyabiashara daftari lake lote la madeni.

Ukweli ni kwamba nyingi ya kelele hizi ni kero tu, ila mbili ni za hatari. Anayeweza kuzitofautisha atajua lini asubiri na lini achukue hatua papo hapo.

Pima kabla ya kufungua

Ndani ya kipakatalishi cha zamani mna viungo vitatu tu vinavyozunguka: feni ya kupoza joto, diski kuu inayohifadhi kazi zako, na kiendeshi cha CD. Kwa hivyo, chanzo cha sauti chaweza kutambuliwa bila bisibisi, kwa kuviondoa vishukiwa kimoja baada ya kingine.

Kwanza, zima sauti ya spika. Kelele ikikoma, tatizo limo katika spika au programu. Pili, toa CD iliyomo. CD iliyopinda au yenye nyufa hutoa mtetemo mkubwa inapozunguka kwa kasi. Tatu, chomoa chaja usikilize tena, kwani chaja iliyochakaa huweza kuvuma yenyewe. Nne, cheza filamu kwa dakika kumi. Mvumo ukizidi kadiri chombo kinavyopata joto, mshukiwa ni feni. Mwisho, nakili faili dogo. Mgongo au mkwaruzo ukisikika wakati huo, shuku diski kuu.

Feni: kero inayotibika

Feni huvuma kwa nguvu inapolazimika kupambana na joto. Sababu kuu huwa ni vumbi lililoziba matundu ya hewa, au grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya kichakato baada ya miaka mingi. Wanaokiweka kipakatalishi juu ya godoro au mto huzidisha adha hiyo, kwa kuwa nguo huziba matundu ya chini.

Ili kusafisha, zima chombo, chomoa chaja na uondoe betri ikiwa inatoka. Puliza hewa ya mkebe kwa vipindi vifupi, huku ukiizuia feni kwa kijiti ili isizunguke kupita kiasi. Epuka mashine ya kufyonza vumbi, kwani huzalisha umemetuli unaoweza kuunguza vijenzi vya ndani.

Iwapo mkwaruzo utaendelea baada ya kusafisha, basi gololi au kitovu cha feni kimelika. Mafuta ya cherehani huinyamazisha kwa muda mfupi tu. Dawa ni kubadilisha feni. Usiiache mpaka isimame, kwani joto likizidi chombo hujizima, na hatimaye huungua.

Diski kuu: okoa kazi kwanza

Ndani ya diski kuu ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na katika nyingine mara 7,200. Juu yake huelea vichwa vya kusomea, kwa pengo dogo mno hata chembe ya moshi haipiti. Vichwa hivyo vikishindwa kupata mahali pa kusoma, hurudi mwanzo na kujaribu tena na tena. Huo ndio mgongo unaosikika. Mkwaruzo mkali una maana mbaya zaidi: huenda kichwa kimegusa sahani na kinaparua utando wenye kazi zako.

Hata hivyo, mlio mmoja pale unapokisogeza chombo si ugonjwa. Baadhi ya vipakatalishi huviegesha vichwa kwa makusudi vinapohisi mtikisiko.

Mgongo ukijirudia na kipakatalishi bado kinafunguka, nakili faili usizoweza kuzipata kwingine: maandishi na hesabu kwanza, kisha picha, na filamu mwisho. Usianze na programu za kurekebisha diski, kwani huisomesha yote na huenda zikaimaliza. Diski isipotambulika kabisa, zima chombo na uitafutie mtaalamu wa kuokoa data. Usiifungue mwenyewe, wala usiiweke katika friji kama wanavyoshauri baadhi ya watu. Unyevu utakaotanda juu ya sahani utaiharibu zaidi.

Baada ya hapo, badilisha diski. Diski za SSD hazina kiungo kinachozunguka, hivyo hazitoi kelele za aina hii, na hukiongezea kasi kipakatalishi cha zamani. Kimya chake, hata hivyo, kisikudanganye: SSD nayo hufa, tena bila kubisha hodi.

Milio mingine

Milio mifupi kabla ya skrini kuwaka ni ujumbe wa tarakilishi yenyewe. Hesabu idadi yake, mirefu na mifupi, kisha ulinganishe na kitabu cha maelezo cha mtengenezaji. Mara nyingi huashiria kwamba kadi ya kumbukumbu imelegea, na kuichomoa na kuirudisha hutosha.

Spika zikitoa "trrr" sekunde chache kabla ya simu kuita au ujumbe kuingia, sogeza simu kando. Ni mawimbi ya mtandao wa 2G, wala si hitilafu.

Hatari ya pili ndiyo yenye sauti ndogo kuliko zote: kiwiliwili cha chombo kualika kama ubao mkavu. Kagua kama kibao cha kipanya kimeinuka au kifuniko cha chini kimebenuka. Ikiwa ni hivyo, betri imefura. Zima, usiichaji tena, usiikandamize wala kuitoboa, maana betri ya lithiamu huweza kulipuka moto. Mpelekee fundi aiondoe.

Kwa vyovyote vile, usingoje kelele ndipo utengeneze nakala rudufu. Weka moja nje ya kipakatalishi leo, kingali kimya.