Faida Iliyodhaminiwa: Khabari za Kampuni ya Reli ya Wadachi

Ndugu msomaji, mwanaadamu akiona jengo kubwa husifu ukubwa wake, na ni nadra kuuliza hesabu yake. Atauliza limejengwa na nani, lakini hatauliza ni nani aliyelipa wala ni nani aliyekula faida. Leo napenda tuitazame reli ya kati, itokayo Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa jicho la mwenye kuuliza hesabu. Khabari yake ni ya zamani, walakini ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi majumbani mwetu.

Nakuandikia kutoka Lamadi. Kwa ndugu zetu wa pwani wasioijua, Lamadi ni mji wa njia panda katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma hukutana hapa na ile ya Bariadi, na ziwa li karibu, upande wa Ghuba ya Speke. Reli haikupita hapa. Pamoja na hayo, watu wa kando ya ziwa walitozwa kodi na Wadachi sawa na wale waliopitiwa na reli, na mazao yao yakafuata njia iliyochorwa na wengine. Kwa hivyo nao wana haki ya kuuliza.

Jua ya kwamba reli ya kwanza ya Wadachi, yaani Wajarumani, haikuwa hii ya kati. Ilikuwa ile ya Tanga. Mwaka 1891 iliundwa kampuni ya matajiri ili ijenge reli kutoka Tanga kwenda milima ya Usambara, kwenye mashamba ya kahawa. Kazi ilianza mwaka 1893. Ilipofika Muheza mwaka 1896, kiasi cha kilomita 40 tu, fedha zikawaishia. Matajiri hawakutaka kutia zaidi, na mwaka 1899 serikali yao ikaichukua reli ile na kuiendeleza yenyewe, hata ikafika Moshi miaka kumi na miwili baadaye.

Hapo matajiri wa Berlin walipata somo, lakini halikuwa somo la kufanya kazi kwa uangalifu zaidi. Somo lao lilikuwa hili: usitie fedha yako Afrika mpaka mtu mwingine akudhamini. Basi ilipoundwa kampuni ya pili mwaka 1904, kwa lugha yao ikiitwa Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft, maana yake Kampuni ya Reli ya Afrika ya Mashariki, sharti hilo lilitangulia mbele. Mabenki yaliyoongozwa na Deutsche Bank yalikusanya rasilmali ya marki milioni 21, na serikali ya Ujarumani ikatoa dhamana ya faida ya asilimia 3 kwa mwaka.

Tufanye hesabu pamoja. Asilimia 3 ya milioni 21 ni marki 630,000. Hizo ni haki ya wenye hisa kila mwaka, gari lijae au liende tupu, mvua inyeshe au ardhi ikauke. Reli ikikosa mapato, hazina ya serikali hujazia. Mwenye hisa amekaa nyumbani kwake Ulaya, hana khatari yoyote, naye anaitwa mfanya biashara.

Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya makandarasi Philipp Holzmann, na reli ikafika Morogoro mwaka 1907. Kutoka hapo kwenda Tabora hadi Kigoma, fedha zilitokana na mikopo ya koloni. Hazina ya koloni ilipata wapi fedha? Kwenye ushuru wa forodha, na kwenye kodi ya nyumba iliyoamrishwa mwaka 1897. Mzee wa Kisukuma aliyeuza mbuzi wake ili alipie kibanda chake, alikuwa na fungu katika reli ile; ila fungu lake halikuandikwa katika daftari la hisa.

Waliovunja mawe na kulaza mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu, na wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Aghlabu walikuwa watu wale wale waliozoea kusafiri na misafara, wakibeba mizigo ya ratili 60 au 70 mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Reli waliyoijenga kwa mikono yao ndiyo iliyouondoa upagazi ule. Hatusemi hilo lilikuwa baya; kumwondolea mtu mzigo begani ni kheri, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa misafara, iliachwa kando, na wenyeji wake hawakuulizwa.

Sasa turudi ziwani. Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu Desemba 1901. Nao walilipa kwa roho za watu: katika vibarua kiasi cha 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, walikufa karibu 2,500. Reli hiyo ilipofika ziwani, ilivuta kila kitu. Ngozi, karanga na pamba za Mwanza, ingawa zilikuwa za nchi ya Wadachi, zilipakiwa melini kwenda Kisumu, na kutoka huko zikashuka Mombasa. Kampuni ya Wadachi ilikuwa ikisifu njia yake ya kwenda Tanganyika, na huku ziwa la kaskazini likilisha reli ya jirani. Reli ya kutoka Tabora kuja Mwanza haikupatikana mpaka mwaka 1928, wakati wa Waingereza.

Mwisho wa kampuni ni ibra. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka bahari. Agosti mwaka huo huo vita vikaanza. Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916, walivunja wenyewe madaraja waliyoyajenga. Waingereza wakaitwaa reli, na ile kampuni iliyodhaminiwa kila kitu ikatoka mikono mitupu. Dhamana ya wanaadamu ina mpaka wake.

Ndugu msomaji, usidhani kisa hiki ni cha Berlin peke yake. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba haki ya faida hufuatana na kubeba khatari ya khasara. Hiyo ndiyo tafauti ya shirika na riba. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Ikipatikana faida hugawana kwa fungu walilokubaliana, na ikiingia khasara pasina uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake.

Sasa tazama tunavyofanya. Mtu humpa jamaa yake fedha anunue nyavu au pikipiki, kisha humwambia, "Nataka kiasi kadha kila mwezi, upate usipate." Bahari ikichafuka, au chombo kikiharibika, yule maskini huuza hata kitanda ili alipe. Kisha mwenye mali huenda akijisifu kwa watu kwamba amemsaidia ndugu yake! Huyu ana khitilafu gani na mwenye hisa wa mwaka 1904? Yule alidhaminiwa na hazina ya dola. Huyu amejidhamini kwa mgongo wa ndugu yake.

Basi anayetaka kushirikiana na mwenziwe na aandike mkataba, ataje fungu la kila mmoja, na akubali kwamba siku ya khasara yumo. Na anayetaka kusaidia na akopeshe bila ya nyongeza, arudishiwe kile kile alichotoa. Mwaka 2021 ilianza kujengwa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, na wajukuu zetu watasafiri ndani yake, Inshaallah. Tuwafundishe wakiwa wadogo kuuliza hesabu ya kila jambo kubwa, nasi tuanze na hesabu za majumbani mwetu.