Amebix: walichoacha na tunachoweza kukikataa

Wadau, ukitaja panki mtaani kwetu wengi wanamfikiria kinyozi. Lakini mtindo ule wa nywele ulitokana na muziki, na muziki wenyewe umezaa watoto wengi. Leo namzungumzia yule mzito na mchafu kuliko wote, krasti panki, na bendi ya Uingereza inayotajwa sana kuwa miongoni mwa wazazi wake: Amebix.

Ilianza mwaka 1978 huko Tavistock, mji mdogo wa Devon, mwaka uleule Sex Pistols waliposambaratika. Waanzilishi walikuwa ndugu wawili, Rob Miller (sauti na gitaa la besi) na Stig Miller (gitaa). Baadaye wakahamia Bristol, wakawa wanaishi kwenye majengo yaliyotelekezwa bila kulipa kodi. Ilikuwa enzi ya Margaret Thatcher. Mwaka 1982 idadi ya wasio na ajira ilivuka milioni 3, na mwaka 1983 makombora ya nyuklia ya Marekani yakaanza kuwasili kambi ya Greenham Common. Kijana hakuwa na kazi, na hakuwa na uhakika kama kesho itakuwepo.

Panki wengi walijibu hali hiyo kwa kasi, nyimbo fupi za kupayuka. Amebix wakajibu kwa uzito. Walichukua ngurumo ya Motörhead, giza la Killing Joke na msimamo wa Crass wa kupinga serikali, jeshi na kanisa. Crass wenyewe waliuweka wimbo wao mmoja kwenye mkusanyiko wa mwaka 1980. Mwaka 1985 ikatoka albamu ya Arise!, chini ya kampuni ya Jello Biafra wa Dead Kennedys. Ikafuata Monolith mwaka 1987, na mwaka huohuo bendi ikafa. Rob akaenda kisiwa cha Skye, Scotland, akawa mhunzi wa kufua mapanga.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Bendi imekufa, lakini kanda zinanakiliwa na kutumwa kwa posta, mkono kwa mkono. Jina la krasti lenyewe huhusishwa na kanda ya mwaka 1986 ya bendi nyingine, Hellbastard. New York wakaja Nausea, California wakaja Neurosis, na uzito ule ukaingia hadi kwenye hevi metali. Amebix waliporudi mwaka 2008, mpiga dramu wao alikuwa Roy Mayorga, aliyewahi kupigia Nausea na Soulfly. Mwanafunzi kakaa kiti kimoja na mwalimu! Wakatoa Sonic Mass mwaka 2011, kisha wakaachana mwaka uliofuata.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimewapa nusu ya historia. Mwaka 2019 kampuni ya Relapse ya Marekani ilifuta albamu ya Tau Cross, bendi mpya ya Rob, iliyokuwa karibu kutoka. Sababu? Ukurasa wa shukrani ulimtaja Gerard Menuhin, mwandishi anayekana kwamba Wanazi waliwaangamiza Wayahudi.

Sasa mashabiki wafanye nini? Wapo wanaosema muziki ni muziki, yaliyobaki hayatuhusu. Sikubaliani nao. Krasti ilijengwa juu ya kumshuku mkubwa, na hilo ni jambo jema pale mkubwa anapodanganya. Lakini kushuku kila kitu bila kupima ushahidi kunaweza kumfikisha mtu mahali pa kukana hata makaburi.

Wala sisemi Arise! itupwe. Urithi ule uko mikononi mwa vijana wote walionakili kanda zile na kutengeneza chao. Kama walifundishwa kwamba hakuna mkubwa asiyehojiwa, basi na Rob Miller ahojiwe.