Mchezaji Anaposhika Kalamu: Hoja kutoka Karagwe na Kyerwa

Machi 1876, Henry Morton Stanley alikuwa mgeni wa Mukama (mfalme) Rumanika wa Karagwe. Safari yake iligharimiwa na magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph. Kwenye ziwa ambalo mpelelezi aliyemtangulia, Speke, alikuwa amelibandika jina la Windermere, mashua yake, Lady Alice, ilishindana na mitumbwi ya Mukama huku umati ukitazama. Stanley aliziandika mbio hizo. Hivyo Karagwe iliingia mapema katika uandishi wa michezo, ila kwa kalamu ya mtu ambaye hakulelewa na kasia.

Miaka thelathini na ushee baadaye, Daily Telegraph hilohilo lilimkabidhi habari za tenisi Arthur Wallis Myers (1878–1939), Mwingereza aliyekuwa mwenyewe mchezaji wa mashindano. Tofauti kati ya waandishi hao wawili ndiyo kiini cha hoja yangu. Mtazamaji hufuata mpira. Aliyecheza hutazama miguu ya anayeusubiri, kwa sababu anajua pigo huharibika kabla raketi haijainuliwa. Mwandishi wa namna hiyo haishii kutaja nani kashinda, bali hueleza ushindi umetoka wapi.

Myers alikuwa pia akipanga kila mwaka wachezaji kumi bora wa dunia. Orodha rasmi ya kompyuta kwa wanaume ilikuja mwaka 1973 tu, kwa hiyo wanahistoria wa tenisi bado wanaegemea hukumu za waandishi kama yeye. Maoni ya gazetini yamegeuka kumbukumbu.

Pingamizi lipo, na ni zito: mchezaji huandika juu ya rafiki zake. Anthony Wilding, bingwa wa Wimbledon mara nne mfululizo, aliuawa vitani Mei 1915. Mwaka uliofuata Myers alitoa kitabu cha maisha ya Wilding. Hatutarajii ukali humo. Hata hivyo, ukaribu unaojulikana na msomaji hupimika. Kwetu, Ally Mayay, mchezaji wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, alikuwa mchambuzi wa soka kisha akagombea urais wa shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mwaka 2017. Wasikilizaji walijua ametoka wapi, na uchambuzi wake haukupungua thamani kwa hilo.

Karagwe ina redio za jamii, FADECO ikiwa mojawapo. Lakini sauti hupita. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, bado inajijengea kumbukumbu zake yenyewe, na mechi za vijana wa Nkwenda au Murongo hazitaandikwa na magazeti ya Dar es Salaam. Beki mstaafu wa Kayanga anayejua uwanja unateremka upande gani, na kwa nini timu ngeni hufungwa kipindi cha pili mvua inaponyesha, ana maarifa ambayo hayamo katika matokeo yoyote. Apewe kipaza sauti, na mechi ikiisha apewe pia daftari: aandike majina ya wachezaji wote, waliofunga na waliokosa, na sababu.