Kusita, Shaka au Wasiwasi?

Mwaka 2011 Douglas Opel na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa hojaji ya maswali 15 ya kupima msimamo wa wazazi kuhusu chanjo za watoto. Majibu hugeuzwa alama, 0 hadi 100. Afikaye 50 huhesabiwa kuwa mwenye kusita. Imekwisha kutafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kiarabu ikiwamo.

Nilipojaribu kuyatia maswali hayo katika Kiswahili, nilikwama kwenye neno hilohilo. Asitaye hupunguza mwendo. Mwenye shaka hana yakini. Mwenye wasiwasi moyo haumtulii, hata kama mtoto amekwisha kumpeleka kliniki. Watatu hao wapewe alama moja?

Tena matini asili, kwa Kiingereza cha mazungumzo, huziita chanjo sindano. Kwetu matone ya polio ni chanjo wala si sindano (ajabu, maana kuchanja ni kutia chale). Mzazi akiulizwa juu ya sindano, matone atayaacha nje ya hesabu. Richard Brislin alieleza mwaka 1970 njia ya kurudisha tafsiri katika lugha ya asili ili kuikagua; lakini “sindano” itarudi salama salimini, na kosa litapita nayo.

Nimeandika “chanjo”. Penye “kusita” daftari langu lingali na maneno matatu, hakuna lililofutwa.