Wasioona na haki ya kupanga nyimbo zao

Asiyeona anayetaka kupanga nyimbo kwenye kompyuta hutegemea programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, naye huiamuru kwa kibodi.

Mojawapo ya programu hizo, JAWS, ilianzishwa nchini Marekani na Ted Henter, mwanamashindano wa pikipiki aliyepofuka katika ajali ya gari mwaka 1978. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989.

Hata hivyo, programu hiyo husoma vizuri pale tu watengenezaji wa programu nyingine wanapovipa vitufe vyao majina. Programu ya muziki ya iTunes, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2001, kwa miaka kadhaa haikusomeka ipasavyo. Nyimbo zilisikika, lakini kuzipanga kukahitaji macho ya mtu mwingine.

Mwezi Septemba mwaka 2008, Apple ilifikia makubaliano na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Massachusetts pamoja na Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la Marekani, ikaahidi kukamilisha marekebisho ifikapo Juni 30, 2009.

Ndipo asiyeona akaweza kuchagua mwenyewe wimbo upi utangulie na upi ufuate.