Udhibiti wa vyakula na dawa, Kajiado

Kenya ilipitisha Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali mwaka 1965, na KEBS, shirika la viwango, likaundwa 1974. Dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Katiba ya 2010 ikaziachia kaunti, Kajiado ikiwemo, leseni za wauza vyakula.

Dukani Kitengela, mji wa kaunti hiyo, sheria hizo husomeka kwenye pakiti ya unga: uzito, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na nembo ya KEBS yenye namba ya kibali. Mnunuzi mwenye shaka hutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Wachache hujisumbua. Lakini mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, wengi wao Makueni, jirani wa Kajiado, na Kitui. Na Novemba 2019 KEBS ikasimamisha chapa tano za unga kwa sumu iyo hiyo.

Nyama haina pakiti. Buchani, lebo yake ni muhuri wa wino uliogongwa na mkaguzi machinjioni.

Dawa ndizo ngumu zaidi kukagua: vidonge vikikatwa viwili viwili kutoka kwenye pakiti yake, tarehe hubaki na muuzaji.