Wafalme wa Kansas City Waliocheza Gizani

Tarehe 28 Aprili 1930, katika mji wa Enid, Oklahoma, timu ya besiboli ilifika uwanjani na taa zake yenyewe. Nguzo zilisimamishwa juu ya malori, jenereta kubwa likawashwa, na usiku ulipoingia mchezo ukaanza. Mwanga haukutosha. Mpira uliopigwa juu sana uliyeyukia gizani, mchezaji akabaki ameinua uso akisubiri ushuke, na jenereta lilinguruma kiasi cha watu kutosikilizana. Hata hivyo watazamaji waliipenda. Ligi kubwa za Wazungu zilicheza usiku kwa mara ya kwanza mwaka 1935, kule Cincinnati.

Timu hiyo ilikuwa Kansas City Monarchs, yaani Wafalme. Wachezaji wake walikuwa Wamarekani Weusi, ambao ligi kubwa ziliwafungia mlango bila hata kuandika sheria ya kuwakataza. Februari 1920, Rube Foster wa Chicago aliwakusanya wenye timu katika jengo la YMCA mjini Kansas City, wakaunda ligi yao. Kati yao Mzungu alikuwa mmoja tu, J. L. Wilkinson, mwenye Monarchs. Nyota wake wa mwanzo, akiwemo mrushaji hodari Bullet Rogan, aliwatoa jeshini, kwenye kikosi cha 25 cha askari wa miguu. Mwaka 1924 wakatwaa ubingwa wa kwanza kati ya ligi mbili za Weusi kwa kuishinda timu ya Hilldale.

Zile taa hazikutokana na ubunifu mtupu. Uchumi ulikuwa umeanguka, na aliyebahatika kuwa na kazi hakuweza kuiacha mchana akaangalie mpira. Wilkinson akakopa, akaupeleka mchezo kwenye saa ambazo mtu wa kibarua yuko huru. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipowazidi matajiri wa ligi kubwa: alimjua mteja wake.

Nyumbani Kansas City, timu ilikuwa sherehe ya mtaa mzima. Buck O'Neil, aliyejiunga mwaka 1938 na baadaye akawa kocha wake, alikuwa akisimulia kwamba mchezo ulipoangukia Jumapili, makanisa yalianza ibada saa nne badala ya saa tano, ili waumini wawahi uwanjani wakiwa na nguo zao nzuri.

Kisha kulikuwa na Satchel Paige. Mwaka 1938 mkono wake wa kurushia uliharibika, na karibu kila mtu akamwona amekwisha. Wilkinson alimchukua hivyohivyo, akampangia timu ya pili iliyozunguka vijijini, ambako jina lake pekee lilivuta watu. Mkono ukapona. Mwaka 1942 Monarchs wakawafunga Homestead Grays michezo 4 kwa 0 na kutwaa ubingwa, Paige akiwa mrushaji wao mkuu.

Mwaka 1945 alikuja kijana aliyetoka jeshini, Jackie Robinson. Hakumaliza hata msimu mmoja. Agosti mwaka huohuo, Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kubwa, alimwita kwa siri, wakakubaliana. Aprili 15, 1947, Robinson akaingia uwanjani na jezi ya Dodgers, na historia yote inayojulikana ikaanzia hapo.

Kisichosimuliwa sana ni hesabu. Monarchs hawakulipwa hata senti moja. Rickey alidai ligi za Weusi hazikuwa na mikataba ya maana. Wilkinson angeweza kushtaki, lakini akasema hatamzibia kijana njia. Ningependa kuuita uungwana, na ulikuwa uungwana. Ila tuseme kweli, mmiliki ambaye angeonekana anauzuia mlango huo usifunguke angewakosa mashabiki wake wote siku ileile.

Mashabiki waliondoka vilevile. Walimfuata Robinson, na magazeti ya Weusi yakamfuata pia. Mwaka 1948 Wilkinson akauza sehemu yake kwa mshirika wake Tom Baird, na Paige, akiwa na umri wa miaka 42, akaenda kuchezea timu ya ligi kubwa ya Cleveland. Mchezaji mwingine wao, Ernie Banks, akauzwa kwa Chicago Cubs mwaka 1953. Monarchs walipeleka wachezaji wengi ligi kubwa kuliko timu nyingine yoyote ya Weusi, na kila aliyeondoka aliacha viti vitupu nyuma yake. Mwaka 1955 timu ya ligi kubwa, Athletics, ikahamia Kansas City kwenyewe. Monarchs wakauzwa tena, wakahamishiwa Michigan wakiwa bado na jina la Kansas City, wakazunguka mpaka katikati ya miaka ya 1960, wakafifia.

O'Neil aliishi miaka mingi baada ya timu kufa, akisaidia kujenga jumba la makumbusho ya ligi hizo mjini mwake. Mwaka 2006, watu 17 wa zama hizo walichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, Wilkinson akiwemo. O'Neil aliachwa; zamu yake ilifika mwaka 2022, akiwa marehemu. Lakini Julai ile ya 2006, akiwa na miaka 94, alipanda jukwaani kuwasemea wale 17, ambao wote walikuwa wamekwishafariki. Alipomaliza, akawaomba waliohudhuria washikane mikono, waimbe naye.